Shajara ya mradi: mto, msitu na kinamasi katika ramani za zamani na picha za angani

Wiki ya 1: kusoma pambizo

Mradi unafuata vitu vitatu katika bonde moja kwa kipindi cha zaidi ya nusu karne: mkondo wa mto, mpaka wa msitu kwenye mteremko wa kaskazini, na kinamasi kilicho chini ya bonde. Vilivyo mezani ni karatasi moja ya ramani ya 1:50,000, ramani ya zamani zaidi ya 1:250,000, seti mbili za picha za angani za nyeusi na nyeupe zilizopigwa kwa kuachana miaka 19, na othofoto ya sasa (picha ya angani iliyosawazishwa ili skeli yake iwe moja kila mahali, kama ramani) yenye pikseli ya nusu mita. Hiyo othofoto ndiyo msingi. Kila tabaka lingine litashikizwa juu yake, yaani litapewa koordineti ili kila nukta iangukie mahali pake.

Kompyuta haijawashwa bado. Wiki nzima imekwenda kwenye pambizo za karatasi, na haikupotea. Mwaka wa kuchapishwa ramani si mwaka wa mandhari yaliyomo. Karatasi ya 1:50,000 inaeleza kwa maandishi madogo chini ya ufunguo kwamba imechorwa kutokana na picha za angani zilizopigwa miaka 6 kabla ya kuchapishwa, na kwamba barabara zilisahihishwa baadaye. Kwa hiyo karatasi hiyo moja ina umri wa aina mbili: mto na msitu ni wa mwaka wa picha, barabara ni za mwaka wa marekebisho. Kwenye jedwali letu kila tabaka lina safu tatu za tarehe: kupigwa au kupimwa, kusahihishwa, kuchapishwa. Anayechukua mwaka wa chapa na kuutumia kukokotoa kasi ya mmomonyoko ameshaharibu jibu kabla ya kupima chochote.

Fremu za picha nazo zina pambizo lao: namba ya fremu, saa, altimita, pimamaji ya duara na urefu wa fokasi wa lenzi. Picha hizi ni za sentimita 23 kwa 23, lenzi ya milimita 152, seti ya kwanza kwa skeli ya 1:40,000. Skeli ya picha ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kimo cha ndege juu ya ardhi, kwa hiyo ndege ilikuwa takriban mita 6,080 juu ya sakafu ya bonde. Namba hiyo tutaihitaji sana kwenye wiki ya 5.

Ramani ya 1:250,000 ina kasoro ambayo mtu anaweza kuipita bila kuiona: longitudo zake hazihesabiwi kutoka Greenwich. Ramani nyingi za Ufaransa za zamani huanzia Paris, ambayo iko nyuzi 2, dakika 20 na sekunde 14 mashariki ya Greenwich, na nyingine za Ulaya huanzia Ferro, nyuzi 17 na dakika 40 magharibi. Baadhi hata hazitumii nyuzi bali gradi, ambapo pembe mraba ni gradi 100. Meridiani ya mwanzo huandikwa pambizoni. Isipoandikwa, tofauti ya longitudo ya mahali panapojulikana huifichua mara moja.

Wiki ya 2: karatasi imenywea, na skani

Kabla ya kuskani, karatasi ilipimwa kwa rula ya chuma. Kwenye 1:50,000, kilomita 10 za gridi zinapaswa kuwa milimita 200 kamili. Zilizopatikana ni 198.6 kwa upana na 199.5 kwa urefu. Karatasi imenywea asilimia 0.7 upande mmoja na 0.25 upande mwingine, kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja na karatasi hutanuka na kunywea zaidi kwa kukatiza nyuzi hizo. Asilimia 0.7 inaonekana ndogo, lakini kwenye karatasi yenye upana wa milimita 500 ni milimita 3.5, yaani mita 175 ardhini. Ndiyo maana hatuchukui kona moja tu na kuamini skeli iliyoandikwa.

Ramani zimeskaniwa kwa 400 dpi (nukta kwa inchi) kwa rangi, inatosha. Picha za angani ni jambo jingine. Kwa 600 dpi kila pikseli ni mikroni 42.3, ambayo kwa 1:40,000 ni mita 1.7 ardhini. Kwa 1200 dpi ni mikroni 21.2, au sentimita 85. Tulijaribu zote mbili kwenye fremu moja: kwa 600 dpi njia ya miguu inayopita kando ya kinamasi inakatika vipande vipande, kwa 1200 inafuatika. Tumeskani zote kwa 1200, kijivu, biti 16. Fremu moja inatoa pikseli karibu 10,870 kwa kila upande na faili ya takriban megabaiti 236. Zinahifadhiwa kama TIFF. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kuipunguza ndani ya kila mraba, na mipaka ya miraba hiyo baadaye huonekana kwa programu kama maumbo ya ardhi.

Yaliyoharibika:

Filamu ikigusa kioo cha skana moja kwa moja hutoa pete za rangi, zile za Newton, na pete hizo haziondoki kwa kuhariri. Filamu iinuliwe kidogo kwa fremu ya kushikilia, upande wa emulsheni (tabaka lenye picha) uangalie sensa, kisha ukumbuke kugeuza picha iwapo imetoka kinyume. Namba za fremu zikisomeka, picha iko sawa.

Skana ya ofisini husogeza sensa yake kwa mota, na mwendo huo hauko sawasawa njia nzima. Tuliskani bamba la gridi lenye vipimo vinavyojulikana: upande wa sensa kosa lilikuwa dogo sana, upande wa mwendo mistari ilipinda kama wimbi. Fremu zote zimewekwa kwa mwelekeo uleule na mahali palepale kwenye kioo, ili kosa liwe lilelile na liweze kusahihishwa mara moja kwa zote.

Fremu mbili zilinuka siki. Hiyo ni dalili ya filamu ya aseteti inayooza. Hunywea bila usawa na kuambukiza jirani zake. Zimeskaniwa kwanza na kutengwa.

Wiki ya 3: kushikiza ramani

Ramani yenye gridi hushikizwa kwa gridi yake yenyewe, na si kwa makutano ya barabara. Tumechukua makutano 20 ya mistari yaliyotapakaa karatasi nzima, kona zote nne zikiwemo. Kwa kuwa kunywea ni kwa viwango viwili tofauti katika pande mbili, badiliko la afini linatosha: lina skeli tofauti kwa kila mhimili, mzunguko na mlalo. Linahitaji nukta 3 kwa uchache, lakini kwa nukta 3 kosa huwa sifuri daima na halikuelezi kitu. Polinomia ya daraja la pili, inayoruhusu karatasi kupinda, huhitaji 6, ya tatu 10. Tunaiepuka ya tatu: kati ya nukta hupinda vizuri, nje ya nukta huruka kabisa.

Ipo pia njia ya bamba jembamba, inayoilazimisha kila nukta ikae mahali pake. Inapendwa kwa sababu kosa linalosomeka ni sifuri. Sifuri hiyo haina maana. Hata nukta iliyowekwa kwenye kijiji kisicho chake itasomeka sifuri, na mandhari yote ya jirani yatavutwa kuifuata. Ukiitumia, weka kando nukta za ukaguzi ambazo hazikuingia kwenye hesabu, upime kosa hapo.

Hata kwa afini, tumegawa: nukta 20 za kushikiza na nyingine 12 za ukaguzi, ambazo ni majengo ya zamani, madaraja na makutano ya barabara yasiyobadilika. Kosa la wastani, lile ambalo programu huliandika RMSE, lilitoka mita 6 kwenye nukta za kushikiza na mita 12 kwenye za ukaguzi. Kwenye taarifa inaingia 12.

Mara ya kwanza haikutoka hivyo. Ukaguzi ulionyesha kila kitu kimehama zaidi ya mita 200, vyote upande mmoja. Sababu: namba za gridi ziliingizwa kana kwamba ni za WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, wakati ramani iko kwenye datumu ya kale, yaani msingi mwingine wa kuhesabia koordineti, yenye elipsoidi (umbo la kukadiria la dunia) yake. Datumu kama Arc 1960, NAD27 au ED50 zinaweza kuachana na WGS84 kwa makumi au mamia ya mita, na namba za koordineti zinafanana vya kutosha kumdanganya mtu. Utaratibu sahihi: shikiza ramani kwenye datumu iliyoandikwa pambizoni, kisha ndipo uibadilishe kwenda kwenye datumu ya othofoto.

Hapa inafaa kuandika jinsi ya kusoma mishale ya makosa (kila mmoja hutoka mahali nukta inapopaswa kuwa hadi ilipoangukia), maana ndiyo iliyotuonyesha tatizo, na hesabu ya wastani peke yake isingetuonyesha. Mishale yote ikiwa na urefu mmoja na mwelekeo mmoja, ni datumu au meridiani. Ikitawanyika kutoka katikati kwenda nje, au ikikusanyika ndani, ni skeli au karatasi iliyonywea. Nusu ya karatasi ikienda huku na nusu kule, kuna mkunjo au kiungo, na karatasi ishikizwe vipande viwili. Mshale mmoja mrefu katikati ya mifupi ni nukta iliyokosewa. Irudie kabla ya kuifuta. Mishale mirefu kwenye vilima tu na mifupi bondeni, hiyo ni picha ya angani ambayo kimo cha ardhi hakijashughulikiwa.

Na kanuni moja ambayo hatuivunji: kitu tunachotaka kupima hakitumiki kushikizia. Mtu akishikiza ramani kwa maungano ya mito, mto hautaonekana kuhama, kwa sababu ameuamuru ukae.

Wiki ya 4

Kufuatisha mistari kwenye ramani. Hakuna la kuongeza isipokuwa hili: ukingo wa mto kwenye ramani ya 1:50,000 ni mstari wa wino, na wino wa milimita 0.2 ni mita 10. Mchoraji naye hulazimika kusogeza alama zinapobanana. Barabara, reli na mto vikipita kwenye korongo moja, kimojawapo kimesukumwa pembeni ili visomeke. Mahali hapo tumepatia alama na hatutapapima.

Wiki ya 5: msitu uliohama ndani ya dakika chache

Picha za seti ya kwanza zilishikizwa kwa haraka kwanza, kama mtu anavyoshikiza ramani, ili kuona takriban. Nukta zote zilitoka bondeni, ambako kuna barabara na nyumba. Tulipoweka mpaka wa msitu wa mteremko wa kaskazini juu ya othofoto, picha ilionyesha msitu umehama zaidi ya mita 100 katika sehemu ndefu ya mteremko. Kwa macho ni ushahidi mzuri kabisa wa ukataji miti.

Ushahidi huo ni wa uongo, na uthibitisho umo ndani ya picha zenyewe. Fremu za mstari mmoja hupandana kwa asilimia 60, kwa hiyo kila mahali pameonekana kwenye fremu mbili angalau, zilizopigwa ndani ya dakika chache. Kwenye fremu ya kwanza mteremko huo uko milimita 90 kutoka kitovu cha picha. Kwenye fremu inayofuata, ambayo kitovu chake kiko milimita 92 mbele kufuata njia ya ndege, mteremko uleule uko karibu kabisa na kitovu. Tulifuatisha mpaka wa msitu kwenye fremu zote mbili. Haikukubaliana: mpaka umeachana zaidi ya mita 100, na hakuna msitu unaohama kiasi hicho kati ya fremu na fremu.

Sababu ni kimo. Kitu kilichoinuka huegemea nje, mbali na kitovu cha picha. Mchepuko ni umbali kutoka kitovu mara kimo cha kitu, ukigawanywa kwa kimo cha ndege. Sehemu hiyo ya mteremko iko mita 200 juu ya bonde: 90 mara 200, gawanya kwa 6,080, unapata milimita 2.96. Zidisha kwa 40,000 upate mita 118 ardhini. Kwenye fremu ya pili, kwa milimita 2 kutoka kitovu, mchepuko ni chini ya mita 3.

Kwa hiyo picha hazishikizwi, zinasawazishwa kuwa othofoto. Hatua tulizofuata:

Kwanza, alama za fremu, zile nne za kona, zilitafutwa kwenye kila skani na kila picha ikakatwa na kuzungushwa ili alama ziangukie pikseli zilezile. Bila hivyo programu hudhani kitovu cha lenzi kinatangatanga kutoka picha moja hadi nyingine. Pambizo jeusi lenye saa na altimita lilifunikwa kwa barakoa. Saa hiyo iko mahali pamoja kwenye kila fremu na programu huiona kama kitu cha kuunganishia.

Pili, urefu wa fokasi uliingizwa kutoka cheti cha kamera na kufungwa. Ukiiacha programu ikisie yenyewe fokasi na mpindo wa lenzi pamoja, kwa picha chache zilizopigwa wima, inaweza kutoa bonde lenye umbo la kuba au bakuli. Kwetu kuba lilionekana mara moja baada ya kutoa kimo cha leo kwenye kimo kilichokokotolewa: katikati pamepanda, kingo zimeshuka. Kupunguza vigezo vya mpindo na kuongeza nukta kwenye kingo kuliliondoa.

Tatu, nukta za udhibiti 24 (mahali ambapo koordineti na kimo vinajulikana), zikiwemo za juu ya mlima. Huko hakuna nyumba, kwa hiyo tumetumia miamba iliyo wazi na kona za mawe makubwa yanayotambulika kwenye othofoto ya leo. Miti haifai, hata ule mkubwa ulio peke yake: kivuli chake hubadilika na shina halionekani.

Matokeo: kosa la mita 4 kwenye nukta za ukaguzi za seti ya kwanza. Mpaka wa msitu sasa unakubaliana kwenye fremu zote mbili. Msitu umepungua kweli, lakini kwenye sehemu ya chini tu, karibu na barabara. Sehemu ya juu haijasogea kwa kiwango kinachopimika.

Wiki ya 6: mto

Ukingo unafuatishwa kwenye mstari wa mimea au kwenye ukingo wa juu wa gema. Ukingo wa maji hautumiki, kwa kuwa maji hupanda na kushuka na mafungu ya mchanga hujitokeza na kuzama.

Bajeti ya makosa imeandikwa kabla ya kupima chochote. Ramani: mchoro nusu milimita, yaani mita 25, kushikiza mita 12, kufuatisha mita 5. Makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa miraba: mzizi wa 625 + 144 + 25 ni mita 28. Picha za kwanza: kusawazisha mita 4, kufuatisha mita 2, jumla mita 4.5. Seti ya pili, yenye skeli kubwa zaidi, mita 3. Ukiunganisha ramani na picha za kwanza na kuzidisha kwa 1.96 ili uwe na uhakika wa asilimia 95, unapata mita 56. Mto uliohama chini ya mita 56 kati ya ramani na picha, kwetu haujahama. Kati ya picha na picha kizingiti ni mita 10.6.

Kizingo cha tatu kutoka daraja kimepita kizingiti kwa mbali: gema la nje limesogea mita 64 kati ya seti mbili. Kwa miaka 19 ni mita 3.4 kwa mwaka, na kosa la mita 0.6 juu au chini. Imeandikwa kama wastani tu, kwa kuwa gema linaweza kukaa miaka mingi kisha likaondoka kwa furiko moja, na picha mbili haziwezi kutofautisha hayo mawili. Kizingo cha tano kinaonyesha mita 41 kati ya ramani na picha. Kinaingia kwenye jedwali kama hakijulikani, ingawa kwenye skrini kinavutia.

Picha za setilaiti zilijaribiwa kuziba pengo. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972 na pikseli yake ni takriban mita 80; mita 64 za kizingo zinapotea ndani ya pikseli moja. Kwa msitu mpana inafaa, kwa gema haifai. Picha za CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma kuanzia 1995, zina maelezo ya mita chache na kwa baadhi ya kamera chini ya mita 2. Lakini kamera yake ilifagia kutoka upande hadi upande, kwa hiyo ncha za ukanda wa filamu zimebanwa na kupinda. Tumechukua kipande cha katikati tu.

Wiki ya 7: kinamasi na misimu

Hapa ndipo tulipoacha namba nyingi. Ramani inaonyesha kinamasi kwa alama za majani zilizotawanywa bila mstari wa mpaka. Aliyechora hakudai mpaka, na sisi hatuna haki ya kumbunia. Seti ya kwanza ya picha ni ya kiangazi, ya pili ni ya msimu wa mvua. Udongo mbichi hutoka mweusi kwenye picha, na kinamasi cha mvua kitaonekana kimekua hata kama kimepungua. Tukipima weusi tunapima mvua.

Kilichosaidia ni stirioskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili pamoja ili kimo kionekane. Kwa jozi ya fremu, mimea ya kudumu ya kinamasi huonekana kama zulia lenye kimo, lenye chembe nzito, tofauti na nyasi laini zilizofurikwa kwa muda. Tumefuatisha hilo zulia na kuyaacha maji. Picha ziwekwe vivuli vikielekea kwa mtazamaji. Ukizigeuza, jicho hupindua bonde kuwa kilima, na mifereji ya kukaushia kinamasi ikaonekana matuta. Mifereji hiyo haimo kwenye seti ya kwanza, na kwenye ya pili ipo minne iliyonyooka. Mstari ulionyooka hautegemei msimu, kwa hiyo huu ndio ushahidi wetu wenye nguvu kuliko eneo lolote la hekta.

Wiki ya 8: kulinganisha maeneo

Tabaka mbili za msitu zilipowekwa pamoja zilitoa mamia ya vipande vyembamba kandokando ya mpaka. Hesabu yake ni rahisi: mpaka wa kilomita 30 ukikosewa mita 20 kwa wastani hutoa hekta 60 za mabadiliko ambayo hayakutokea. Kila mpaka umewekewa ukanda wa upana wa kosa lake, na mabadiliko yaliyo ndani ya ukanda hayahesabiwi.

Tatizo la pili ni la maana ya neno. Kwenye 1:50,000, eneo la milimita 2 kwa 2 ni hekta 1, na mchoraji hachori vidogo kuliko hapo. Kwenye othofoto ya nusu mita tulikuwa tumefuatisha hata vichaka vya robo hekta, na msitu ukaonekana kuongezeka. Vipande vyote vya chini ya hekta 1 vimeondolewa kwenye tabaka za picha kabla ya kuzilinganisha na ramani; kati ya picha na picha vimebaki.

Kilichobaki: kuskani upya fremu 2 zenye mikwaruzo kwenye alama za kona, kutafuta picha za kiangazi za miaka iliyo karibu na seti ya pili ili kinamasi kilinganishwe msimu kwa msimu, na kwenda kwenye kizingo cha tano na kipokea GPS kuona kama upande wa ndani kuna ngazi za mchanga wa zamani. Zikiwepo, umbali kati ya ngazi na gema la leo utatueleza kile ambacho ramani haiwezi. Faili zote za nukta za kushikiza zimehifadhiwa pamoja na picha ghafi, ili mtu mwingine aweze kurudia hesabu kuanzia karatasi yenyewe.